Usifungue Hiyo Kamera Kwanza

Mikanda ya picha iliyosahaulika hujificha palepale katika nyumba nyingi: kopo la biskuti juu ya kabati, sanduku la nyaraka za marehemu, mfuko wa pembeni wa begi ambalo halijasafiri siku nyingi. Lakini mahali panapopoteza picha nyingi zaidi ni ndani ya kamera yenyewe. Kijana anaikuta Yashica ya babu yake, anaipangusa vumbi, na kabla hajauliza chochote keshafungua mgongo wake. Mwanga wa sebuleni unamaliza kwa sekunde moja kilichovumilia miaka arobaini. Basi kamera yoyote ya zamani ichukuliwe kuwa ina mkanda mpaka ithibitike kuwa haina.

Kuthibitisha si kazi. Kamera nyingi za milimita 35 zina kitasa kidogo cha kukunjua, juu upande wa kushoto, cha kurudishia mkanda kwenye kikopo chake. Kizungushe taratibu kufuata mshale. Kikizunguka bure tu, ama hamna kitu ama mkanda ulikwisha rudishwa ndani; kikikaza, mna filamu na haijarudi. Bonyeza kitufe kilicho chini ya kamera, kisha uendelee kuzungusha polepole, kwa kuwa filamu ya miaka mingi imekauka na huchanika kirahisi kwenye matundu ya pembeni. Ukihisi mvutano umeachia ghafla, mkanda umeingia. Kamera za betri nazo zipewe betri mpya kwanza. Nyingine huamka na kurudisha mkanda zenyewe. Zikigoma, zifunguliwe gizani.

Ukishaupata mkanda, usome kabla ya kuufanya lolote. Ulimi wa filamu ukiwa nje ya kikopo, huenda haukupigwa. Ukiwa umemezwa ndani, karibu hakika umepigwa. Mikanda mipana ya namba 120, ile inayoviringishwa pamoja na karatasi nyuma yake, iliyopigwa hufungwa kwa kipande cha karatasi ya gundi chenye neno EXPOSED. Kisha tafuta alama ya namna ya kusafisha. C-41 ni negativu ya rangi, ile iliyosafishwa na studio zote za mjini tangu miaka ya 1970. E-6 ni slaidi. C-22 ni rangi ya zamani zaidi, na hiyo nitairudia. Kodachrome ni jambo la peke yake. Jina kama Ilford FP4 au ORWO NP 20 ni nyeusi na nyeupe. Hizo ORWO, za Ujerumani Mashariki, zisikushangaze ukizikuta kwenye mizigo ya ndugu aliyesoma huko. Na kama ni ORWO ya rangi, ujue ilikuwa na dawa zake yenyewe ambazo si C-41 wala E-6.

Sasa kabla ya dawa na vyombo, ni muhimu kuelewa kilichotokea ndani ya kikopo miaka yote hiyo, maana ushauri wote unaofuata unatoka hapo. Filamu ni utando wa jelatini uliojaa chembe za chumvi ya madini ya fedha. Mwanga ulipoipiga, uliacha alama ndogo mno kwenye chembe zilizoguswa, alama ya atomi chache tu za fedha. Hiyo ndiyo picha, ingawa jicho haliioni. Dawa ya kusafishia huitafuta alama hiyo na kuigeuza chembe nzima kuwa nyeusi. Joto, unyevu na mnururisho wa asili hufanya mambo mawili kwa pamoja: hufifisha alama za picha, na huzitia alama chembe ambazo hazikuguswa na mwanga kamwe. Hizi za pili ndizo ukungu. Dawa haina njia ya kujua ipi ni sura ya shangazi na ipi ni joto la Tanga. Kazi yako yote ni kuitoa picha kabla ukungu haujaifunika, na kila uamuzi, wa dawa, wa joto na wa muda, upimwe kwa kipimo hicho kimoja.

Baridi inaokoa kuliko chochote. Mwaka 1897 Msweden Salomon August Andrée na wenzake wawili walipaa kwa puto kuelekea Ncha ya Kaskazini wasirudi. Miili yao na mikanda yao ilipatikana mwaka 1930 kwenye kisiwa cha Kvitøya, baada ya miaka 33 katika barafu, na John Hertzberg wa Stockholm akafanikiwa kuokoa picha 93. Mkanda uliokaa nusu ya muda huo chini ya bati la Dar es Salaam unaweza kuwa umechoka kuliko ule. Kwa hiyo umri peke yake haukwambii mengi. Uliza ulikaa wapi. Mkanda wa 1985 uliokuwa Lushoto kwenye droo ya mbao una nafasi nzuri kuliko wa 2005 uliosafiri na gari.

Hapa kuna kosa linalosambaa sana. Watu wamesikia kwamba filamu iliyopitwa na wakati iongezewe stopu moja ya mwanga kwa kila miaka kumi, wakadhani na muda wa kusafisha urefushwe kwa hesabu hiyohiyo. Kanuni ile ni ya kupigia picha leo kwa filamu ya zamani. Mkanda wako ulipigwa ukiwa mpya. Mwanga ulioupata ulikuwa sahihi siku ile. Ukirefusha muda wa dawa kupita kiasi, utakachokuza ni ukungu.

Na sasa ushauri ambao wengi hawaupendi: achana na rangi. Filamu ya rangi ina tabaka tatu, na tabaka hizo hazizeeki sawasawa. Ukiisafisha kwa C-41 baada ya miaka thelathini ya joto la pwani, utapata zambarau na kijani vinavyogombana, na pengine si sura hata moja. Filamu hiyohiyo ukiisafisha kwa dawa ya nyeusi na nyeupe, unachukua fedha iliyomo katika tabaka zote tatu kwa pamoja na rangi unaiacha iende. Picha hutoka kwenye msingi wa rangi ya machungwa yenye giza, si nzuri kwa kuchapa kwa njia ya zamani, lakini kwa kupigwa upya na kamera ya dijitali inatosha kabisa. Msimamo wangu ni huu: mkanda wa C-41 uliokaa mahali pa baridi na haujafika miaka ishirini, upelekwe rangi, uliobaki wote uwe mweusi na mweupe. Watakaokulaumu kwa kupoteza rangi ya kitenge wangelaumu zaidi kwa kupoteza aliyekivaa.

Kwa mikanda ya C-22 huna hata nafasi ya kuchagua. Ile dawa ilitumika kwa nyuzi 24 hivi, na utando wake haukuundwa kuhimili nyuzi 38 za C-41. Huweza kuachia plastiki na kuelea ndani ya tangi la kusafishia. Kodachrome nayo ilikuwa na kemia ndefu ya kiwandani, na maabara ya mwisho duniani iliyoisafisha, Dwayne's Photo ya Parsons huko Kansas, ilipokea mikanda ya mwisho tarehe 30 Desemba 2010. Leo hutoka nyeusi na nyeupe tu, tena ina mpako mweusi wa kaboni mgongoni unaopaswa kulainishwa kwa maji ya magadi na kufutwa taratibu kwa pamba. Hiyo si kazi ya kuanzia.

Vyombo ni vichache: tangi lisilopitisha mwanga lenye rili ya kuviringishia filamu ndani, kipimajoto, vikombe vya vipimo ambavyo havitarudi jikoni tena, glavu, na giza. Giza lenyewe ndilo watu hulidharau. Mfuko wa giza wenye mikono unafaa, lakini pwani mikono hutoka jasho ndani yake na unyevu hufanya filamu ing'ang'anie rili ya plastiki. Mimi napenda zaidi bafu lisilo na dirisha, usiku, taulo likiwa limeziba chini ya mlango. Umeme ukikatika mtaa mzima ndiyo bora zaidi, mara moja kwa mwaka mtu akafurahia kukatika kwake. Kaa ndani dakika tano ukiangalia mkono wako. Ukiuona, hapo si gizani. Simu ibaki nje, na saa yenye mishale inayong'aa pia.

Filamu iliyokaa imeviringika miaka mingi haikunjuki kirahisi. Inajirudisha kama chemchemi ya saa. Rili iwe kavu kabisa, ikaushwe kwa kikausha nywele kama una haraka. Kata ncha ya filamu iwe mviringo kidogo pembeni, isukume kwa upole, na ikikwama usilazimishe: itoe, pumua, anza tena. Mazoezi yafanyike kwanza mchana kwa mkanda usio na thamani, macho yakiwa yamefumbwa. Ya 120 kwanza itenganishe na karatasi yake. Utakutana na ncha iliyo huru, na mwisho wa safari utakuta upande uliobandikwa gundi. Gundi hiyo ibandue polepole mno. Kama karatasi imegandana na utando kwa unyevu, usivute chochote ukiwa gizani, funga tena na uende kwa wataalamu. Kaseti za 126 zina filamu ya upana wa milimita 35, hivyo ukishazivunja zinaingia kwenye rili ya kawaida. Za 110 ni nyembamba na zinahitaji rili yake.

Kabla ya mkanda mzima, jaribu kipande. Gizani, vuta ulimi na ukate sentimita kumi na tano hivi, uzisafishe peke yake. Utapoteza fremu moja au mbili, na kwa kawaida ni zile za mwanzo ambazo mpigaji alikuwa akijaribu kamera. Kipande hicho kitakueleza mengi. Sehemu ya ulimi iliyoona mwanga lazima iwe nyeusi tii. Isipokuwa hivyo, dawa yako ni mbovu, usilaumu mkanda. Pembeni kuna jina la filamu na namba za fremu, zilizochapwa kwa mwanga kiwandani, na hizo ni shahidi mzuri: zikisomeka vizuri, picha nazo zipo, zikiwa zimezama kwenye kijivu, unajua ukungu umefika wapi. Ukiwa na mikanda kadhaa iliyokaa pamoja, jaribio la mmoja linahudumia wote wa aina hiyo.

Kuhusu dawa, HC-110 ya Kodak ndiyo inayopendwa na wengi wanaofanya kazi hii, kwa sababu huzaa ukungu kidogo na hufanya kazi haraka. Sehemu moja ya dawa kwa 31 za maji, nyuzi 20. Kwa kianzio, filamu mpya ya Ilford FP4 Plus huchukua dakika 9 katika mchanganyiko huo na HP5 Plus dakika 5. Mikanda ya rangi mimi huijaribu kwa dakika 7 hivi, kisha nasogeza kwa kuangalia kipande. D-76 inafaa pia na huwa rahisi kuipata. Ukungu ukiwa mwingi, ongeza benzotriazoli au potasiamu bromaidi kidogo, vitu vinavyozuia chembe zisizo na picha zisiamke. Kuna wanaosifu kuiacha filamu saa nzima kwenye dawa ya Rodinal iliyo hafifu bila kuitikisa. Kwa filamu mpya ni njia ya kupendeza. Kwa ya zamani, saa nzima ni karamu ya ukungu.

Dawa za dukani zikikosekana, kuna njia ya kahawa, na hii si mzaha. Ilianzia mwaka 1995 katika darasa la Scott Williams pale Rochester Institute of Technology nchini Marekani. Kwa lita moja ya maji: gramu 54 za sodiamu kaboneti isiyo na maji, gramu 16 za vitamini C ya unga, gramu 40 za kahawa ya papo hapo, dakika 15 kwa nyuzi 20. Robusta, ile ya bei nafuu, hufanya kazi vizuri kuliko arabika, kwa hiyo kahawa ya Bukoba inaishinda ya Kilimanjaro angalau mahali hapa. Sodiamu kaboneti ni magadi soda yanayouzwa kwa watengeneza sabuni. Usiyachanganye na kostiki soda ya duka hilohilo, ambayo itakuunguza wewe na jelatini pamoja. Na magadi ya mawe ya kupikia maharage hayatoshi, kwa kuwa nusu yake ni bikaboneti na hayana ukali unaotakiwa. Vitamini C iwe ya unga mtupu, si vidonge vya kutafuna vyenye ladha ya chungwa. Kwa mkanda wa zamani ongeza gramu moja ya potasiamu bromaidi. Wengine huweka gramu kumi za chumvi ya mezani yenye madini joto badala yake. Harufu ni mbaya, na familia italalamika.

Tatizo kubwa la kwetu ni maji. Ya bomba Nairobi au Arusha hayako mbali na nyuzi 20 asubuhi. Ya Mombasa au Dar es Salaam hukaribia 30, na katika joto hilo utando wa zamani huvimba, hulainika na kuchubuka. Poza dawa zote na maji yote ya kusuuzia katika beseni lenye barafu, chupa zikiwa zimefungwa, usitumbukize barafu ndani ya dawa. Zote ziwe joto moja. Kutoka dawa ya nyuzi 20 kwenda maji ya 30 hufanya jelatini ikunjamane, na makunyanzi hayo hayatoki. Anza kwa kuloweka filamu kwenye maji safi dakika tano. Yakitoka ya bluu au ya kijani usitishike, ni rangi ya mgongoni. Geuza tangi mara nne tano kila dakika, bila fujo. Baada ya dawa, suuza kwa maji tu, usitumie siki, hasa kama umetumia kahawa na magadi: asidi ikikutana na kaboneti huzaa gesi, na gesi ndani ya utando laini ni malengelenge.

Fiksa ndiyo inayoondoa chumvi ya fedha isiyotumika ili picha istahimili mwanga. Ijaribu kwa kipande cha ulimi ambacho hakijasafishwa: hesabu muda kinaochukua kuwa angavu, kisha ipe filamu yako mara mbili ya muda huo. Ukipata fiksa yenye alumu ya kukaza utando, itumie. Osha nusu saa kwa maji yanayopita taratibu, malizia na maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo, na uitundike kwa kibanio, kingine chini kama uzito. Usiipanguse kwa vidole wala kitambaa, hata ukiona matone. Bafuni baada ya kuoga ndipo pasipo na vumbi.

Itakapokauka, negativu za aina hii huonekana hazina kitu. Zishike juu ya karatasi nyeupe, kisha zielekeze dirishani kwa pembe; mara nyingi sura hutokea. Kuziingiza kwenye kompyuta huhitaji kamera au hata simu nzuri, na kishikwambi kilichowashwa ukurasa mweupe kama taa ya chini. Inua negativu sentimita tatu nne juu ya kioo ili nukta za kioo zisionekane, ziba mwanga wa kandokando kwa karatasi nyeusi, piga, geuza rangi kwa programu yoyote, kisha pandisha utofauti wa mweupe na mweusi kwa ujasiri kuliko ulivyozoea. Hapo ndipo ukungu unapobanduliwa kwa kweli. Na jamaa usiwaite kabla hujajua unacho nini: baadhi ya mikanda hutoka mitupu, na mingine ina mambo ambayo mwenyewe asingependa yakae kwenye kundi la familia la WhatsApp.

Kuna mikanda ambayo sikushauri uiguse. Mmoja pekee uliobaki wa mtu aliyefariki. Wowote unaonuka siki, maana plastiki yake imeanza kuoza. Wowote wa mpiga picha wa kazi au wa tukio la umma. Kumbukumbu za Priya Ramrakha, mpiga picha Mkenya aliyepigwa risasi kwenye vita vya Biafra mwaka 1968, zilipatikana kwenye gereji Nairobi baada ya miongo, na kitu kama hicho mahali pake si bafuni kwako. Mikanda ya namna hiyo ipelekwe kwa maabara maalumu, kama Film Rescue International ya Kanada, wanaokusanya mikanda ya aina moja na kuisafisha pamoja. Ukiipeleka kwa ndege, omba ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za kukagulia mizigo ya mkononi huongeza ukungu, na huo tayari unao wa kutosha.

Fiksa iliyotumika usiimwage bustanini wala kwenye shimo la choo, kwa kuwa ina fedha ndani yake. Iweke kwenye ndoo ya plastiki na sufi ya chuma ya kusugulia masufuria, uiache siku kadhaa. Chuma huyeyuka, fedha huganda chini kama tope jeusi. Likusanye kwenye chupa, liandike jina, liweke mbali na watoto, mpaka utakapompata anayenunua mabaki ya eksirei, kwa kuwa huyo analijua.